Mpistachio upi, juu ya shina lipi? Kerman, Golden Hills na Lost Hills. UCB-1 na Pioneer Gold

Mpistachio uliopandwa mwaka huu utatoa mavuno ya kwanza ya maana mwaka wa sita au wa saba. Kuzaa kwa nguvu zake zote huja baada ya mwaka wa kumi, na ukitunzwa mti huzaa kwa miongo mingi. Ukikosea mbolea utarekebisha msimu ujao, na ukikosea maji utarekebisha wiki ijayo. Kosa la aina, na hasa kosa la shina mizizi, utakaa nalo muda wote ambao shamba litakuwepo.

Mti mmoja wa biashara ni miti miwili iliyounganishwa. Juu kuna kikonyo cha Pistacia vera, aina yenye jina, ndicho kinachozaa. Chini kuna shina mizizi la spishi nyingine au chotara, ndilo linalokabili chumvi, magonjwa ya udongo na sehemu kubwa ya baridi kali. Tena mpistachio una miti dume na miti jike, kwa hiyo kuna uamuzi wa tatu: dume gani la kumchavusha jike uliyemchagua.

Wanunuzi wengi wa miche huuliza kwanza ukubwa wa kokwa. Hilo liwe swali la mwisho. Majira ya baridi ya mahali pako ndiyo yanayochagua aina, udongo unachagua shina mizizi, dume hufuata jike, na kalenda ya mavuno inaamua kama upande aina moja au mbili. Aina zinazolinganishwa hapa ni zile zilizojaribiwa kwa muda mrefu katika Bonde la San Joaquin, California, jimbo linalotoa karibu pistachio zote za Marekani. Miezi inayotajwa ni ya huko.

Baridi kwanza

Mpistachio hauzai vizuri bila kulala. Vitumba vinahitaji kukusanya baridi ya kutosha kati ya Novemba na Februari, halafu joto la Machi ndilo linaloviamsha. Kerman, aina ya jike iliyopandwa sana California, inahitaji takriban saa 800 hadi 1,000 za halijoto iliyo chini ya nyuzi 7.2 za Selsiasi, na dume lake la asili, Peters, linahitaji zaidi kidogo. Tofauti hiyo ndogo kati ya jike na dume ndiyo inayoleta hasara kubwa. Baridi ikipungua, jike huchanua kwa kusuasua na dume huchelewa zaidi. Maua ya jike yanakuwa tayari kupokea chavua huku dume bado limefumba. Matunda hushika hata hivyo, maana ganda la pistachio hukua bila kiini. Mpaka mwisho wa Mei mti unaonekana umebeba vizuri, na ukweli hujulikana Agosti unapopasua kokwa na kukuta ni mapepe.

Ndivyo ilivyotokea California baada ya kipupwe cha joto cha 2014 hadi 2015. Mavuno ya 2015 yalikuwa karibu nusu ya yale ya mwaka uliotangulia, na mapepe yalikuwa sehemu kubwa ya hasara hiyo. Mashamba mengi ya wakati huo yalikuwa ya Kerman na Peters.

Saa za baridi ni kipimo kizuri cha kuanzia, ila zinadanganya mahali ambapo mchana wa Januari una jua kali. Hewa inaweza kuwa nyuzi 12 huku kitumba kinachopigwa na jua kikiwa na joto zaidi ya hapo, na baridi iliyokusanywa usiku ikafutwa kwa sehemu. Ukungu mzito wa bondeni ulikuwa ukiikinga miti na jua hilo. Ulipopungua, saa zilezile za baridi zilianza kutoa matokeo mabaya zaidi. Ndiyo maana wakulima wengi sasa hutumia kipimo kinachohesabu vipande vya baridi na kuondoa vile vinavyoharibiwa na joto la mchana. Kwa kipimo hicho Kerman huhitaji takriban vipande 55 hadi 60.

Chukua takwimu za halijoto za miaka 10 iliyopita, za kila saa, kutoka kituo kilicho karibu na shamba. Usitazame wastani. Hesabu ni miaka mingapi kati ya hiyo 10 ilishuka chini ya mahitaji ya aina unayoitaka. Mwaka mmoja mbaya kati ya kumi unavumilika. Ikiwa mitatu, Kerman si mti wako, hata kama jirani anaisifu.

Kuna mafuta ya kilimo yanayopulizwa kwenye vitumba mwishoni mwa Januari hadi Februari ili kuviamsha kwa pamoja. Husaidia pale upungufu ulipo mdogo. Ukiyapuliza mapema mno unavuta maua kuelekea baridi ya mwisho ya Machi, na ukichelewa unaunguza vitumba vilivyoanza kuvimba. Yahesabu kama msaada wa mwaka mbaya. Shamba linaloyahitaji kila mwaka limepandwa aina isiyolifaa.

Aina za jike

Kerman ilitokana na mbegu zilizokusanywa Iran na William Whitehouse mwaka 1929 na 1930, zikapandwa kituo cha Chico, California. Aina ilitolewa rasmi mwaka 1957, na kwa takriban miaka hamsini pistachio ya California ilikuwa na maana ya Kerman. Golden Hills na Lost Hills zilitolewa na Chuo Kikuu cha California mwaka 2005, pamoja na dume lake, Randy. Gumdrop ilifuata baadaye, nayo hukomaa mapema kuliko zote.

| | Kerman | Golden Hills | Lost Hills | Gumdrop |
|---|---|---|---|---|
| Kukomaa | Msingi wa kulinganisha, katikati ya Septemba | Takriban wiki mbili kabla ya Kerman | Karibu sawa na Golden Hills | Siku 10 hivi kabla ya Golden Hills |
| Mahitaji ya baridi | Makubwa | Madogo kuliko Kerman | Madogo kuliko Kerman | Madogo. Huchanua mapema zaidi |
| Kokwa | Kubwa | Karibu sawa na Kerman | Kubwa kuliko Kerman | Ya kawaida |
| Maganda yaliyopasuka | Hubadilika sana mwaka hadi mwaka | Mengi | Mengi, kiini hutoka kirahisi | Mengi |
| Mapepe | Mengi | Machache kuliko Kerman | Machache kuliko Kerman | Si mengi |
| Dume | Peters au Famoso | Randy | Randy | Tejon |

Safu ya maganda inahitaji kuelezwa zaidi, kwa sababu ndiyo inayogusa malipo. Kiwanda hulipa bei nzuri kwa kokwa iliyopasuka yenyewe mtini. Iliyofumba hupasuliwa kwa mashine au hubanguliwa ikauzwa kama kiini, kwa bei ya chini. Ganda hupasuka kiini kinapojaa na kulisukuma kutoka ndani, kati ya mwisho wa Julai na Septemba. Kwa hiyo mti wowote uliokosa maji wakati kiini kinajaa utatoa kokwa zilizofumba, hata uwe wa aina gani. Kwa matunzo yaleyale, Golden Hills hutoa sehemu kubwa zaidi ya kokwa zilizopasuka kuliko Kerman. Hesabu ya tani peke yake haionyeshi tofauti hiyo. Mashamba mawili yanaweza kupeleka tani 3 kila moja, moja likalipwa zaidi kwa sababu ya mpasuko.

Lost Hills huvutia macho. Soko hupima ukubwa kwa idadi ya kokwa katika aunsi moja, yaani gramu 28.35: daraja la 18 hadi 20 ni kubwa sana, 21 hadi 25 ni kubwa, 26 hadi 30 ni wastani. Lost Hills hutoa kokwa nyingi za madaraja ya juu. Udhaifu wake ni kwamba ganda hufunguka mno, na wakati wa kutikisa, kumenya na kukausha viini vingi huachana na maganda. Kiini kilichotoka hakiuzwi kama kokwa ya kubangua kwa mkono. Ukiwa na mnunuzi wa uhakika wa kokwa kubwa na kiwanda kinachoishughulikia polepole, inafaa. Bila hayo mawili, Golden Hills ni salama zaidi.

Kerman bado ina nafasi yake. Mti wake una nguvu, umbo lake linajulikana, na kila mpogoaji na kila kiwanda kinaufahamu. Kuchanua kwake baadaye ni faida mahali penye baridi ya kuunguza maua mwishoni mwa Machi. Ua la mpistachio halina kinga dhidi ya barafu, na aina inayochanua siku chache mapema inaweza kupoteza mwaka mzima kwa usiku mmoja. Penye baridi ya uhakika ya kulaza miti na hatari ya barafu ya kuchelewa, Kerman inaishinda Golden Hills.

Kuna kasoro moja ambayo hakuna aina iliyoiponya: mwaka wa kuzaa sana hufuatwa na mwaka wa kupumzika. Vitumba vya maua ya mwaka ujao hutengenezwa Aprili na Mei kwenye tawi la mwaka huu, kando ya vishada vinavyokua. Viini vinapoanza kujaa mwishoni mwa Juni na Julai, vinanyonya chakula chote cha tawi na vitumba hudondoka. Mti wa Kerman unaotoa sawa na tani 4 au 5 kwa hekta mwaka huu unaweza kushuka hadi tani 2 au chini mwaka unaofuata. Kupogoa kwa wastani wakati wa kipupwe kinachotangulia mwaka mkubwa hupunguza mteremko huo. Panga fedha zako kwa wastani wa miaka miwiliwili, tani 3 hivi kwa hekta kwa shamba lililokomaa, wala usipange kwa mwaka wa neema.

Dume lifuate jike

Chavua ya pistachio husafirishwa na upepo. Mizinga ya nyuki haisaidii, kwa sababu ua la jike halina petali wala nekta ya kumwita nyuki. Kinachohitajika ni dume linalomwaga chavua siku zilezile jike lake limefunguka, na likae upande upepo wa Aprili unakotoka.

Peters huendana na Kerman katika mwaka wenye baridi ya kutosha, ila huwa la kwanza kuchelewa mwaka wa joto. Famoso ni dume jipya lililochaguliwa kwa ajili ya Kerman, nalo hulandana nayo vizuri zaidi baada ya kipupwe hafifu. Anayepanda Kerman leo na kutegemea Peters peke yake anarudia hatari ileile ya 2015. Changanya yote mawili. Kwa Golden Hills na Lost Hills tumia Randy. Peters ukiliweka kwenye Golden Hills litachelewa, kwa kuwa jike huyo huchanua kabla yake.

Zamani dume moja lilihudumia majike 8. Mashamba mapya huweka dume moja katika kila miti 24 au 25. Kwa nafasi ya mita 5.8 kwa 6.1, hekta moja huingia miti 283. Kwa mpango wa kale madume yanakuwa 31, kwa mpango mpya 12. Miti 19 zaidi inayozaa kwa kila hekta si haba. Lakini mpango mpya unadai ulinganifu wa maua ulio kamili. Penye wasiwasi wa baridi bakia kwenye dume moja kwa miti 15 hivi, na ongeza mstari wa madume kwenye ukingo unaopokea upepo.

Tia alama madume siku ya kubebesha, yaani kuunganisha jicho la aina kwenye shina mizizi, kwa rangi inayodumu. Dume lisilojulikana hupogolewa kama jike, na kwenye mashamba makubwa kosa hilo hutokea mara nyingi kuliko inavyokiriwa.

Shina mizizi

Hapa ndipo pa kutumia muda mrefu zaidi. Aina ya juu inaweza kubadilishwa kwa kukata mti na kubebesha upya, ukapoteza miaka mitatu au minne. Shina mizizi halibadilishwi.

Wakulima wa kwanza wa California walitumia Pistacia atlantica na Pistacia terebinthus. Yote mawili huvumilia baridi kali, lakini yalikufa kwa wingi kwa mnyauko wa Verticillium, ukungu wa udongoni unaoziba mirija ya maji. Ukungu huo huachwa na pamba, nyanya na mazao mengine ya jamii hizo, nao hukaa ardhini miaka mingi bila mti wa kuushambulia. Hivyo uchaguzi wa sasa umebaki kati ya Pioneer Gold I, ambayo ni Pistacia integerrima halisi, na UCB-1, chotara wa atlantica jike na integerrima dume uliozalishwa kwa uchavushaji unaodhibitiwa. Pioneer Gold II ni chotara wa spishi hizohizo kwa mpangilio uliogeuzwa, nayo haipandwi sana siku hizi.

Kwa Verticillium, Pioneer Gold I ndiyo imara zaidi. UCB-1 huvumilia, ila si kwa kiwango hicho. Shamba lililolimwa pamba au nyanya kwa miaka mingi lipimwe udongo kabla ya kuagiza miche. Kipimo kikionyesha ukungu mwingi, Pioneer Gold I hupata alama ambazo UCB-1 haiwezi kuzirudisha.

Kwa baridi mambo yanageuka. Mpangilio kuanzia linalovumilia zaidi ni terebinthus, atlantica, UCB-1, na mwisho Pioneer Gold I. Miti michanga ya Pioneer Gold I huungua gome na kufa kurudi chini barafu inapokuja Novemba kabla haijalala vizuri. UCB-1 nayo huathirika, hasa sehemu za chini za shamba ambako hewa baridi hutuama na chumvi imejikusanya. Dawa yake ni ya umwagiliaji: kwa miti ya mwaka wa kwanza hadi wa tano, punguza maji kuanzia katikati ya Septemba ili ukuaji usimame na mbao zikomae, na usitie nitrojeni baada ya Agosti. Mti uliolishwa na kunyweshwa hadi Oktoba huingia kwenye barafu ukiwa na majani mabichi na utomvu unaopanda.

Chumvi ndiyo sababu wengi wanakuja kwenye pistachio. Mlozi huanza kupoteza mavuno chumvi ya udongo ikifika desisimensi 1.5 kwa mita. Mpistachio huenda mbali zaidi. Majaribio ya awali yaliuonyesha ukivumilia udongo wa hadi 9. Usiichukue 9 kama lengo. Mashamba yanayokaa na chumvi kwa miaka mingi huanza kushuka mapema kuliko hapo, na mipango ya busara hukomea kwenye 5 au 6. UCB-1 huzuia sodiamu na kloridi kupanda kwenye majani vizuri kuliko Pioneer Gold I. Kwa hiyo penye maji ya chumvi UCB-1 hushinda wazi. Sodiamu ina ubaya wake wa pili ambao hakuna shina mizizi linaloutibu: huvunja muundo wa udongo, maji hayapenyi, mizizi hukosa hewa, na mti unakufa kwa kuzama huku ukitajwa kwamba unavumilia chumvi. Jasi na maji ya kusukuma chumvi chini ya mizizi wakati wa kipupwe ni gharama za lazima, na zinahitaji udongo unaopitisha maji. Penye tabaka gumu mita moja chini, livunje kwa jembe refu kabla ya kupanda. Baada ya hapo halifikiki.

Boroni nyingi, ambayo huua mazao mengine, kwa mpistachio si tatizo kubwa. Unaihitaji kuliko miti mingi ya matunda: jani la Agosti liwe na sehemu 150 hadi 250 kwa milioni, na likiwa chini ya 90 maua hushindwa kushika. Kwenye sampuli hiyohiyo angalia nitrojeni asilimia 2.2 hadi 2.5, potasiamu 1.8 hadi 2.0, zinki sehemu 10 hadi 15 na shaba 6 hadi 10 kwa milioni.

Kwa mavuno, majaribio marefu ya Kerman juu ya mashina mbalimbali yaliipa UCB-1 nafasi ya kwanza, Pioneer Gold I ya pili, atlantica nyuma. Kwa shamba lisilo na historia mbaya ya Verticillium, basi, UCB-1 ndilo chaguo la kuanzia, na ni juu ya mashina mengine kuonyesha sababu ya kuliacha.

Lakini UCB-1 ipi? Inauzwa ya mbegu na ya tishu, yaani iliyokuzwa maabara kutoka kipande cha mti. Miche ya mbegu hutofautiana kwa nguvu, na usipoichuja utakuwa na miti midogo iliyotawanyika ndani ya shamba, inayokula maji sawa na mingine. Kitalu kizuri hutupa mimea dhaifu mara mbili kabla ya kuuza. Uliza kiasi kinachotupwa. Kitalu kisichotupa kitu kinakuuzia takataka zake. Miche ya tishu hutoka kwa mti mmoja uliochaguliwa, hivyo hufanana, hukua sawa na kubebeshwa wiki moja. Hatari yake ni hiyohiyo ya kufanana: kasoro ya mmoja ni kasoro ya wote. Miaka ya 2010 maelfu ya miti ya UCB-1 ya tishu California na Arizona iliondolewa kwa ugonjwa wa kudumaa wenye vichaka, uliohusishwa na bakteria wa jenasi Rhodococcus. Dalili zilikuwa pingili fupi, vitawi vingi vilivyosongamana, uvimbe kwenye vifundo na karibu na shingo ya mizizi, na macho yanayokataa kushika yanapobebeshwa.

Kabla ya kupokea miche ya tishu, toa michache kwenye vyungu kutoka sehemu mbalimbali za mzigo, osha udongo na kagua shingo ya mizizi. Uvimbe wenye mikunjo, au pingili zilizobanana kwenye mche unaopaswa kuwa umerefuka, ni sababu ya kurudisha mzigo wote. Kagua pia mizizi iliyojizungusha chunguni. Hiyo haijinyoshi yenyewe, na mti wake utaegemea ukipata taji zito.

Kubebesha shambani au kununua mche uliobebeshwa

Mche uliobebeshwa kitaluni huokoa msimu mmoja na hupunguza utegemezi wa mafundi. Kubebesha shambani hugharimu kazi zaidi, lakini shina mizizi hupata muda wa kushika ardhi, na muungano huwekwa juu unapotaka.

Kwa njia ya shambani, panda shina mizizi kipindi cha Februari hadi Mei na ulifunge kwenye nguzo. Bebesha kwa jicho, kwa mkato wa herufi T, kati ya Juni na Agosti gome linapoachia kirahisi na shina likiwa na unene wa sentimita 1 au zaidi mahali pa mkato. Chukua macho kwenye miti inayozaa ambayo aina yake imethibitishwa, kwenye matawi ya mwaka huu, na uepuke vitumba vinene vya maua kwani havitoi tawi. Yaweke ndani ya kitambaa chenye unyevu na kivuli, uyatumie siku hiyohiyo. Mpistachio hutoa utomvu mwingi, kwa hiyo safisha kisu mara kwa mara na funga mara tu jicho linapoingia. Baada ya wiki tatu jicho lililoshika huwa kijani na kikonyo chake cha jani hudondoka kikiguswa. Lililoshindwa libebeshwe upande wa pili wa shina kabla msimu wa gome haujafunga.

Vyovyote vile, acha shina tupu la zaidi ya mita moja kabla ya matawi ya kwanza. Mashine ya kutikisa inahitaji nafasi ya kushika, na tawi lililo chini ya hapo litakatwa baadaye likiwa limeshakuwa nene.

Maji na mbolea hubadilika kidogo tu

Shamba lililokomaa kwenye bonde lenye joto hutumia milimita 1,000 hadi 1,250 za maji kwa msimu, aina yoyote iwe juu. Sifa ya kuvumilia ukame ni ya kuishi, mavuno hayavumilii. Kipindi pekee ambacho unaweza kupunguza maji hadi nusu ni kile ganda linapokuwa gumu, kuanzia katikati ya Mei hadi mwisho wa Juni hivi, kabla kiini hakijaanza kujaa.

Na hapo aina inahusika: Golden Hills huingia hatua ya kujaza kiini kabla ya Kerman, hivyo ratiba ya kubana maji ya Kerman itainyima wiki muhimu kabisa. Usichanganye aina mbili kwenye vali moja. Mwisho wa msimu ni vilevile, maji hukatwa siku kadhaa kabla ya kutikisa ili gome lisichunike chini ya kibano, na kila aina ina siku yake.

Nitrojeni huhesabiwa kwa mzigo wa mti: kila tani ya mavuno huondoa kilo 28 hivi, nayo miti ya hekta moja huhitaji kilo 28 nyingine kwa ukuaji wake. Kwa tani 3 kwa hekta ni kilo 84 na 28, jumla 112, na ukichukulia kwamba mti hupata asilimia 70 ya unachoweka, tia kilo 160 kwa hekta. Mwaka wa kupumzika shusha ipasavyo.

Mavuno, nondo na sumukuvu

Sababu kubwa ya kiuchumi ya kuchagua aina ya mapema iko hapa. Nondo Amyelois transitella hutaga kwenye kokwa zilizopasuka, na kila kizazi chake ni kikubwa kuliko kilichotangulia. Kokwa iliyobaki mtini katikati ya Septemba hukutana na kizazi kikubwa zaidi, na kiwavi anapoingia huandamana na ukungu wa Aspergillus flavus unaotengeneza sumukuvu. Umoja wa Ulaya huruhusu maikrogramu 10 tu za sumukuvu hiyo, aflatoksini, kwa kilo ya pistachio iliyo tayari kuliwa, na kati ya hizo za aina ya B1 zisizidi 8. Mfuko mmoja mbaya hurudisha kontena zima. Golden Hills iliyotikiswa mwanzoni mwa Septemba huwa imeondoka shambani Kerman ikiwa bado inasubiri.

Faida hiyo hupotea usipoitumia. Golden Hills iliyoachwa ikingoja zamu ya mashine pamoja na Kerman itaharibika kuliko Kerman, kwa kuwa gamba lake, ngozi laini ya nje inayofunika ganda, limelegea siku nyingi zaidi. Pima kwa kubonyeza: kokwa zikiteleza kutoka kwenye gamba kwa vidole, mti uko tayari. Toka shambani hadi mashine ya kumenya isizidi saa 24, la sivyo gamba hutia ganda madoa na bei hushuka. Halafu kausha hadi unyevu wa asilimia 5 hadi 7.

Mapepe na kokwa zilizobaki mtini au chini ziondolewe na kusagwa wakati wa kipupwe, kwa aina zote. Humo ndimo nondo hulala.

Kwa shamba gani, mti gani

Kipupwe cha mashaka, udongo wenye chumvi, hakuna historia ya pamba: Golden Hills na Randy juu ya UCB-1. Huu ndio mchanganyiko unaofaa mashamba mengi mapya.

Kipupwe cha uhakika na barafu ya mwisho wa Machi inayojirudia: Kerman, na Famoso pamoja na Peters, juu ya UCB-1. Pioneer Gold I usiifikirie hapo, hata Verticillium ikiwepo kidogo.

Udongo wenye Verticillium nyingi, maji safi, hakuna baridi kali ya Novemba: Pioneer Gold I chini, na juu aina itakayoamuliwa na hesabu ya baridi. Verticillium nyingi pamoja na chumvi nyingi ni shamba la kulima zao jingine.

Zaidi ya hekta 40 hivi, gawa: theluthi mbili Golden Hills na theluthi moja Kerman, ikiwa baridi inaruhusu, ili mashine zilezile zifanye kazi wiki nne hivi badala ya mbili. Chini ya hapo aina moja inatosha. Gumdrop ina maana pale tu kiwanda kinapofungua mapema kuipokea. Muulize mwenye kiwanda tarehe ya kuwasha mashine kabla hujaandika oda.

Oda ya miche huwekwa mwaka mmoja au miwili mbele. Muda huo utumie kuchimba mashimo ya mita 1.5, angalau moja kwa kila hekta 4 na moja la ziada kila udongo unapobadilika rangi, ukichukua sampuli kila sentimita 30 kwa ajili ya chumvi, sodiamu, boroni na Verticillium. Agiza miche asilimia 3 hadi 5 zaidi ya mashimo yako kutoka mzigo uleule, uikuze pembeni, ili pengo la mwaka wa kwanza lijazwe na mti wa umri uleule na shina lilelile.